Chupa ya Tusajigwe Isiyoisha

Chupa ya dawa ya mwanangu ilikuwa haiishi.

Sitanii. Kliniki ya selimundu wananipa vidonge vya mwezi mmoja. Kila asubuhi namwekea Tusajigwe kimoja kiganjani, anakwenda kukinywa kwenye ndoo ya maji barazani. Mwezi ukakatika. Natikisa chupa, bado imejaa!

Mwenye akili angeuliza. Mimi nikaenda kutoa ushuhuda kanisani.

Vigelegele vikapigwa. Akina mama wa kwetu Ndandalo wakanikumbatia, "Ndaga fijo, asante sana, Mama Aliko!" Siku ya kliniki ilipofika sikwenda. Nikafuate nini, na dawa ipo?

Aliko alikuwa kaka yake Tusajigwe. Naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa damu. Tulimzika mwaka juzi.

Basi, Jumanne moja naanika kakao uani, nikasikia kilio ndani. Tusajigwe kajikunja mkekani, macho ya njano.

"Mama, mifupa. Mifupa, mama."

Nilimpakata kwenye bodaboda hadi Kyela mjini, naomba njia nzima.

Wodini wakamtundikia dripu. Nesi Asia, aliyetufahamu tangu enzi za Aliko, akaniuliza, "Dawa anakunywa?"

"Kila siku! Nampa mwenyewe."

Hakubishana na mimi. Akamwinamia mtoto. "Bibie, vidonge unapeleka wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Narudisha kwenye chupa."

Nikafoka, "We mtoto, unataka kufa?"

"Sitaki kufa, mama," akaanza kulia. "Ndiyo maana narudisha. Chupa ya kaka Aliko iliisha, akafa. Nilikuwa naiangalia. Yangu sitaki iishe."

Asia akamshika mkono. "Chupa haiui, mwanangu. Ikiisha, mama anakuja kuchukua nyingine. Si ndiyo, Mama Aliko?"

Nikainua macho kwenye dripu.

Leo nasema ukweli ambao hata mume wangu nilimficha. Chupa ya Aliko ilipoisha, mpunga ulikuwa unaiva na ndege wanaumaliza. Nikasema nikishamaliza kuwinga ndege nitakwenda kliniki. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu tukachimba kaburi. Msibani nikasema ni mapenzi ya Mungu, na wote wakaniamini.

Wote, isipokuwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa anaiangalia chupa.

"Tusa," nikamwambia palepale mbele ya nesi, "kaka yako hakuuawa na chupa. Ni mimi sikwenda kuchukua nyingine."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Yangu utakwenda?"

Nimekwenda, na sijakosa hata mara moja. Siku hizi anakunywa kidonge mbele yangu, anafungua mdomo nikague.

Wazazi wenzangu, kumpa mtoto dawa mkononi hakutoshi. Muulize yeye anaionaje hiyo dawa. Anaweza kukujibu kitu kitakachokuumiza, lakini muulize.

Vidonge vikibaki vitano, Tusajigwe ananiletea chupa na viatu vyangu vya safari. Bado haniamini, na simlaumu.