Mashine Iliyouliza Tarehe

Bwana Kipaza alikuwa na sauti nzuri kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo aghalabu hasikii ya wenzake. Yeye ndiye aliyerekodi matangazo ya maduka: magodoro, rangi za nyumba, viatu vya shule. Alifanyia kazi katika chumba cha uani, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuua mwangwi, na kompyuta yake ilikuwa imejaa rekodi za miaka mingi. Hata moja hakuipa jina. Kinasa sauti kilizipa namba naye akaziacha hivyo hivyo, maana kichwa chake, alivyoamini, kilitosha.

Jumatatu moja mkewe aliingia humo na ombi. Ndugu zake wangekutana nyumbani kwao Jumapili, mara ya kwanza tangu wamzike baba yao, naye alitaka waisikie sauti ya mzee. Rekodi ilikuwepo moja tu duniani. Siku Bwana Kipaza alipokwenda kuposa alitokea kazini moja kwa moja, kinasa sauti kikiwa mfukoni mwa shati, na kwa kawaida yake alisahau kukizima. Kilinasa yote, toka hodi hadi kwaheri.

"Si unaikumbuka siku yenyewe?" mkewe aliuliza.

"Nani asiyeikumbuka?" alijibu Bwana Kipaza, kwa ile sauti ya kuuzia magodoro.

Hakuikumbuka. Mwaka aliujua, na alikumbuka kwamba viatu vilimbana, lakini tarehe ilikuwa imekwenda na maji. Na rekodi za mwaka ule zilikuwa mamia, nyingine za saa nzima, kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kuzima vitu.

Akaenda kwa Fundi Waya, mama wa makamo aliyetengeneza kompyuta za mtaa mzima na aliyekuwa na subira ndogo sana kwa watu wajuao kila kitu. Fundi Waya ndiye aliyemhamishia mafaili yake kila aliponunua mashine mpya, na kila faili lilihama na tarehe yake. Basi, akamwambia, asihangaike kusikiliza moja moja. Aandike amri zake kwenye faili dogo, na mashine itamtafutia rekodi za siku anayoitaka.

Bwana Kipaza alirudi nyumbani akaandika: tafadhali tafuta. Mashine ikamjibu kwamba amri inayoitwa tafadhali haiijui. Alipopiga simu kulalamika, Fundi Waya alimwambia kompyuta haina adabu wala haiombi kufanyiwa adabu. Aandike find, yaani tafuta kwa Kiingereza, kisha jina la folda, kisha aiambie ilete mafaili mapya kuliko siku ile, ila yasiwe mapya kuliko kesho yake. Siku iliyobanwa katikati ndiyo yake. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipotaka kuliendesha faili lenyewe, mashine ikamnyima ruhusa.

Hapo alikwenda kwa Fundi kwa miguu, maana jambo hilo halikuwa la simu. Mashine kanunua yeye, umeme analipa yeye, halafu anyimwe ruhusa chumbani kwake? Fundi Waya, bila kuinua macho kutoka kwenye nyaya zake, alisema mashine inasubiri tu kuambiwa kwamba faili hilo ni la kutenda kazi, si la kusomwa, akamwandikia amri ya kutoa ruhusa hiyo, chmod, kwenye kipande cha karatasi.

Ijumaa mashine ikakubali. Swali alilitunga mwenyewe: kioo cheusi cha kompyuta kiliandika "Tarehe?" kisha kikangoja. Akajaza tarehe ya jana, na papo hapo likaja tangazo la viatu alilorekodi jana. Alifurahi akasimama, akajipongeza kwa sauti. Akaliendesha faili lake tena.

"Tarehe?" mashine ikauliza.

Furaha ikamwishia hapo hapo. Alibahatisha ya kwanza, akapata magodoro. Ya pili, rangi ya nyumba. Ya tatu ilimletea yeye mwenyewe akikohoa. Kumuuliza mkewe lilikuwa jambo la maneno matatu tu, lakini mwanamume aliyekwisha kusema "nani asiyeikumbuka" amejifungia mlango na funguo kaacha ndani. Akampigia shemeji yake, dada wa mkewe, akazunguka mbuyu kwa kuulizia hali ya hewa ya siku ile ya posa, kama mvua ilinyesha na ilikuwa mwezi gani vile. Shemeji alimwambia amuulize mwenye siku yake. Kisha akakata simu, akampigia dada yake, mwenye siku.

Ndiyo maana Jumamosi mkewe aliingia chumbani bila hodi. Alimkuta mumewe ametazamana na lile swali. Alivuta kibodi upande wake, akaandika tarehe bila kufikiri.

Likaja faili moja. Lilianza kwa hodi, na karibu, na viti kuburutwa. Kisha sauti ya mzee ikajaa chumbani, nzito, ya taratibu, na mkewe akajishika kifua. Alikuwa amesahau kwamba baba yake aliguna kidogo kabla ya kila sentensi.

"Kijana," mzee alisema, "siku ya leo ni kubwa kwetu. Utaikumbuka?"

Ikajibu sauti changa, nzuri mno, iliyojaa majivuno: "Baba, jina langu naweza kulisahau. Tarehe ya leo, katu."

Mzee aliguna. "Tutaona."

Bwana Kipaza aliangalia trei za mayai. Mkewe alikuwa analia kweli, na katikati ya kulia akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

"Baba ameona," alisema.

Kisha akamwamuru aiandike tarehe ile ndani ya amri zake, ili mtu akibonyeza bila kujaza kitu, mashine ichukue hiyo. Bwana Kipaza aliandika, safari hii bila kumpigia Fundi simu. Alipomaliza alimsogezea mkewe kibodi, akamwomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakuna duka lililowahi kuinunua.

Mkewe alibonyeza bila kuandika chochote, nao wakakaa wawili kwenye kiti kimoja, wakamsikiliza mzee tangu hodi.