Mgongo wa Hafsa

Hafsa alikuwa na tabia moja iliyomkera kila mtu: hakujua kutulia. Akiwa porini na wanachuo wenzake wa misitu, utepe wa kupimia mashina mkononi, roho yake ilikuwa nyumbani Cheyo kwenye banda la Johari. Akimpanda Johari jioni, aliwaza miti ya mininga aliyoiacha bila kuihesabu. Mwaka wa pili huo wa chuo, na bado alikimbia huku na huku kama aliyeacha chungu jikoni.

Johari alikuwa farasi jike wa babu yake, Mzee Hamoudi, aliyekubali habari za chuo kwa shingo upande.

"Wazee wetu waliingia Tabora na misafara kwa miguu," alimwambia, "maana mbung'o aliwamalizia wanyama njiani. Wewe unamfuata huko huko aliko? Siku ukiniletea mbung'o hapa, chuo basi."

Mwalimu wao, Nestory, naye alikuwa na sheria yake: kabla ya kutoka porini, wanafunzi wakaguane migongo. Mbung'o hupenda nguo za bluu, na ovaroli zao zote zilikuwa za bluu. Aliyezichagua Mungu anamjua. Hafsa hakuwa na subira ya kukaguliwa. Alidandia pikipiki, na akifika tu, kabla hajavua hata viatu, alishamkumbatia Johari shingoni.

Mwezi wa saba Johari akaanza kukataa majani. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi, mpaka mbavu zikahesabika. Daktari wa mifugo alipima damu akasema ni nagana, ugonjwa wa mbung'o. Mzee Hamoudi akawaka. Bila kuuliza akamvaa Sayi, mfugaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake kwenye kisima chao, akamfukuza mbele ya watu, akidai ng'ombe hao ndio walioleta mbung'o. Sayi akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Hafsa alifua ovaroli. Chini ya kola akakuta mbung'o mkavu, mabawa yamelaliana. Angeweza kumtupa karoni na yakaisha. Lawama zilishampata mwenyewe, na chuo kingebaki chake. Alizunguka ua mara tatu, mdudu kiganjani, kisha akaingia bandani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Siyo ng'ombe wa Sayi, babu. Ni mimi. Huyu alikuwa kwenye kola yangu."

Mzee alimchukua yule mdudu, akamgeuza kwenye mwanga. Hafsa aliogopa, tena sana, lakini hakukimbia.

"Nipe bakora yangu."

Akampa. Babu akaiegemea, akaelekea getini. "Twende kwa Sayi. Nimemvunjia mtu heshima."

Walikwenda na kurudi, na Sayi akarudishiwa kisima.

Johari alichomwa sindano, akaanza kula kidogo kidogo. Jumatatu Hafsa, ambaye hakuna aliyemkataza chuo, alikwenda porini. Aliporudi alimkuta babu ameweka kiti getini, miwani puani, ufagio mkononi.

"Geuka."

Akageuka. Mzee akamfagia mabega, akainua kola, akapekua mkunjo mmoja mmoja bila haraka yoyote. Ndani Johari aliisikia pikipiki, akalia. Hafsa akainua mguu.

"Sijamaliza," babu akasema.

Hafsa akaushusha mguu, akasimama.