Mikono ya Mukantabana Alfajiri

Benoît, muuguzi wa dispensari moja katika milima ya Masisi, alikuwa mtu wa kuchosha. Tangu alipopanda huko kutoka kwao Walikale mwaka 1951, alimwuliza kila mwenye maumivu ya viungo maswali mpaka mtu atamani kurudi nyumbani na maumivu yake. Goti lipi? Huuma saa ngapi? Majibu aliyaandika katika kaye, daftari lake. Daktari Mbelgiji, aliyepita mara moja kwa mwezi, alimwambia ni baridi ya milima tu. Benoît aliitikia kwa heshima, akaendelea kuandika. Nampenda kwa ubishi huo wa kimyakimya.

Mwaka 1954 mama mmoja wa jamii ya wafugaji, Libérata, alimleta mkaza mwanawe Mukantabana. Hakumleta kwa huruma, alitaka shahidi. Kwa wafugaji hao mwanamke husukasuka maziwa alfajiri katika igisabo, kibuyu kikubwa, ili siagi ishike kabla ya joto. Mukantabana alikuwa akikiacha nusu, akilia kwamba vidole havikunjiki, na mchana analima kama wengine. Uvivu huo, alisema Libérata. Jumapili wazee wangekaa na kumrudisha kwa wazazi wake, na mtoto wake wa miezi minane angebaki.

Walikuwa wametembea saa nne. Benoît aliikagua mikono, akaiona inakunjika vizuri, akaandika kwamba ni mzima. Libérata akaondoka ameridhika kabisa.

Jioni, akipitia kaye, Benoît alishikwa na aibu. Wagonjwa wake wote aliwaona mchana, viungo vikiwa vimeshalainika kwa safari. Alfajiri yao hakuijua hata siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumamosi alipanda mpaka kwa Libérata, akalala huko. Kulipopambazuka alifunga uzi kwenye kila kidole cha Mukantabana, akatia fundo, kisha akamwomba mama mkwe avikunje vidole hivyo mwenyewe. Libérata alijaribu, vikakataa. Vilikuwa vya moto, vimejaa, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Mchana, uvimbe uliposhuka, nyuzi zililegea zikateleza. Benoît akaacha aspirini, akaagiza maji ya moto kila asubuhi, na hakuficha kwamba ugonjwa huo ungekaa naye muda mrefu.

Baadaye daktari aliisoma kaye yote akiwa amesimama, akaomba nakala. Lakini ushindi wenyewe ulikuwa Jumapili ile. Libérata alisimama mbele ya wazee kabla mume wake, Papa Sebahire, hajafungua kikao.

“Huyu mutoto iko mugonjwa, haiko muvivu,” alisema. “Kama munamurudisha kwao, munirudishe na miye, sababu njo miye nilimusingizia.”

Wazee wakanywa maziwa yao, wakaenda makwao mmoja mmoja. Mukantabana akabaki, mtoto wake mgongoni.