Aliyesimama Nyuma ya Trela

Barabara ya kutoka Msambweni kuelekea Ramisi ilipokuwa ikikarabatiwa, mimi nilikuwa mshika bendera. Upande mmoja wa lami ulikuwa ukichimbwa, na upande uliobaki magari yakipita kwa zamu. Kila mwisho alisimama mtu mwenye bendera mbili: nyekundu ya kusimamisha, kijani ya kuruhusu. Mwisho mmoja nilisimama mimi. Mwisho wa pili alisimama mwanamke wa Kinondo, mkubwa kwangu, niliyemwita dada tangu siku ya kwanza.

Watu hudhani kazi ile ni ya kusimama tu. Ukweli ni kwamba unasimama mbele ya gari linalokuja, huna kitu mkononi isipokuwa kitambaa, na unamwomba usiyemjua asikuue. Wengi husimama. Wengine husimama huku wakikutukana. Dada yangu huyo alikuwa na dawa yao. Dereva akimfokea, yeye humwamkia kwa upole, "Habari za safari, baba?" na akishaulizwa hali hivyo mtu huona haya, akanyamaza.

Siku ninayoieleza, kazi ilikuwa imekwisha baada ya Alasiri. Manyunyu yalikuwa yakianguka na jua likiwaka papo hapo, lami ikang'aa hata ukashindwa kuitazama. Koni za kuonya magari zilikuwa zimeshakusanywa. Sisi wawili tulikaa kando tukingoja lori la kuturudisha, tumevua kofia, tunakula mihogo ya kuchemsha.

Trekta lililokuwa likivuta trela la miwa likatupita taratibu. Halijafika mbali tukasikia mshindo. Tairi la trela lilikuwa limepasuka, mara tu baada ya kona. Dereva akashuka, akalizunguka trela, akashika kiuno. Hapakuwa na nafasi ya kuliweka kando, kwa kuwa ukingo wote ulikuwa umechimbwa. Akakata matawi, akayatupa barabarani nyuma ya trela, kisha akaweka jeki na kuingia chini. Kutoka tulipokaa tuliiona miguu yake tu.

Dada akaacha kutafuna.

"Yale matawi yako karibu mno," akasema. "Mtu atakayeyaona atakuwa ameshafika."

"Lori letu linakuja sasa hivi," nikamwambia.

"Nalije. Huyu mtoto wa watu amelala barabarani."

Akavaa kofia yake, akachukua bendera nyekundu, akaenda kusimama nyuma kabisa, kabla ya kona. Mimi nikachukua yangu, nikaenda mbele ya trekta kuwazuia wanaotoka Ramisi, ili wanaolipita trela wasikutane nao uso kwa uso. Hatukuwa tumeambiwa na mtu. Tulifanya kama tulivyozoea kufanya kutwa.

Magari kadhaa yakapita salama. Nilimwona kwa mbali, ng'ambo ya kona, akiinua bendera, gari likipunguza mwendo, naye akilipungia lipite. Kisha likaja gari dogo la kusambaza mikate, likitokea upande wa Ukunda. Nililisikia kabla sijaliona, na kwa ule mvumo nikajua kwamba halipunguzi.

Yeye naye alijua. Angeweza kurukia kwenye mtaro. Badala yake aligeuza uso kuelekea kwenye trela akapiga kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Toka! Toka huko chini!"

Yule dereva wa trekta akatoka kwa magoti na mikono, akajibwaga majanini. Gari la mikate likajaribu kumkwepa dada, matairi yakateleza, likampiga kwa ubavu na kumtupa kwenye kifusi, kisha likaenda kujigonga kwenye trela. Jeki ikaanguka. Trela likakaa chini pale pale alipokuwa amelala mtu.

Mikate ilitapakaa barabara nzima, mingine ikilowa, mingine ikiwa bado kwenye mifuko yake. Kwetu gari likianguka na shehena, watu huokota. Siku ile walikuja watu kutoka mashambani na vichochoroni, na sikumwona hata mmoja aliyeinama kuokota mkate.

Dada alikuwa na fahamu. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia pasipo pake. Pikapu iliyokuwa ikipita ikatuchukua kwenda hospitali, mimi nikiwa nimempakata kichwa chake nyuma kule, na dereva wa trekta akiushika ule mguu usitikisike, machozi yakimtoka.

"Ametoka?" dada akaniuliza.

"Ametoka. Huyu hapa."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. Nilidhani amezimia, lakini baada ya kitambo akasema, kama mtu anayejieleza, "Nilidhani atasimama. Siku zote wanasimama."

Hospitalini nilimkuta yule wa gari la mikate kwenye benchi, amefungwa bandeji kichwani. Kijana mdogo tu. Aliniona na kizibao changu cha kazi, akainuka.

"Mama, bendera niliiona," akasema. "Sikuona koni. Nikadhani mmemaliza kazi, mwarudi nyumbani."

Nikampita. Nilikuwa na damu ya mwenzangu kwenye nguo, nikaenda kutafuta maji ya kuiosha.

Dada alipona, ila si wa kurudi barabarani. Anatembea kwa mkongojo, na baridi ikiingia hulala kutwa. Dereva wa trekta alikwenda kwake Kinondo pamoja na mama yake mzazi. Yule bibi alimshika mikono, akalia. Majirani walimsifu dada, wakamwita shujaa. Yeye hakulipenda neno hilo. Walipoondoka aliniambia, "Wanazungumza kana kwamba nilikuwa nimekusudia kuvunjika. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya gari, basi."

Nilirudi kazini mpaka barabara ikaisha. Bendera ilikuwa ile ile, lakini mwili wangu ulikuwa umebadilika. Kila gari lililokuja nililitazama tairi, si dereva, kuona kama limeanza kupunguza. Usiku nikilala mikono iliniuma, kwa jinsi nilivyokuwa nimeukaza mti wa bendera. Sasa lami ni laini, magari yanakwenda mbio kuliko zamani, nami nauza vitenge sokoni Ukunda.

Hapo sokoni ndipo nilipokutana na yule kijana wa mikate. Alikuwa amebeba mfuko wa vitunguu. Nilimtambua kabla hajanitambua, na ningeweza kugeuka. Akaniona, akasimama, mfuko ukamshuka mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Lilinitoka kabla sijafikiri.

Akangoja kidogo, labda nitamwuliza jambo. Nikaendelea kukunja vitenge. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Ijumaa nilipokwenda Kinondo nilimsimulia dada. Alikuwa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, anachagua mchele kwenye ungo. Vidole vyake vikasimama.

"Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia."

"Ulifanya vyema," akasema, akaendelea kuchagua.

Nilikaa naye hadi adhana ya Alasiri. Tulizungumza habari za bintiye, aliyekaribia kujifungua. Mimi bado sijui kama nilifanya vyema. Naujua mguu ule, nauona kila Ijumaa ukinyooshwa kwa mikono miwili kama kitu cha mtu mwingine.