Neno moja la Kirundi lilivyomwaga lava wa dada yangu

Wakuu, salamu kutoka Gitega. Kutunga hadithi ndiyo kazi yangu, lakini hii sikuitunga. Mpaka sasa mwili unanisisimka.

Dada yangu Spesi alisoma biolojia Tanzania, tulikokulia ukimbizini. Tumesharudi kwetu Gasorwe, Muyinga. Shule moja ya Gitega ilimwita afundishe somo la majaribio. Likienda vizuri, kazi ni yake.

Alikuwa na kichupa cha spiriti, ndani mna lava, yaani vitoto, wa mnyoo wa baharini, wadogo kama vumbi. Nchi hii haina bahari, wakuu. Kichupa kile ndiyo bahari yetu yote.

Mama akauliza, "Ni nini hiki?"

Spesi akajibu kwa Kirundi chake cha kambini, "Ni utwana tw'inzoka."

Sasa, utwana ni vitoto, na inzoka ni mnyoo. Na ni nyoka pia!

Tuliporudi kutoka sokoni, kichupa kimelala kwenye majivu. Mama kashika birika la maji ya moto.

"Mana yanje, Mungu wangu! Watoto wa nyoka ndani ya nyumba yangu? Nimewamaliza."

Spesi alikaa chini, akaokota kichupa kwenye majivu.

Mama alipoelewa, alifunga kitenge akaja nasi Gitega. "Nitamwambia direkta, mkuu wa shule, mi ndiye nimeharibu."

Chupani lilibaki tone moja. Spesi akaliweka chini ya hadubini mbele ya darasa. Akatafuta. Akatafuta. Direkta akakohoa.

"Kapo!" Spesi akaita.

Nikachungulia. Yesu wangu! Kimpira kama cha kioo, kiunoni mshipi wa seli zenye vinyweleo, ndiyo makasia yake. Na macho mawili. Kila jicho seli mbili tu: moja inapokea mwanga, ya pili, nyeusi, inaukinga upande mmoja. Bila ile nyeusi, Spesi alieleza, lava angejua mwanga upo, asijue uko wapi. Na seli ya jicho inaziamuru zile za vinyweleo moja kwa moja. Kaona, kageuka.

Mimi namaliza kurasa tatu mhusika wangu ageuze shingo!

Mama alichungulia wa mwisho.

"Kumbe kana macho," akanong'ona. "Kaliniona nikija na birika?"

"Kalishakufa zamani, mama."

"Afadhali."

Direkta alicheka mpaka akavua miwani, akamgeukia Spesi. "Madame, njoo Jumatatu uanze kazi. Birika libaki Muyinga."

Nilichojifunza: ukirudi nyumbani, neno unalolijua wewe si lazima nalo likujue.

Nyie mliorudi, ni neno gani liliwahi kuwamwagia kitu? Semeni, nasoma yote.