Mikono Minne na Mabawa ya Bati

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha ngumbaru, kwamba Homa Bay kulikuwa na kitabu kimoja cha picha kisicho na nakala nyingine duniani. Ndani yake, mashujaa wawili waliotukosesha amani Migori walipigana mpaka mwisho, na ukurasa wa mwisho ulionyesha nani alibaki amesimama. Kilihifadhiwa na karani mstaafu, kwenye sanduku la bati, katika nyumba yenye geti jekundu karibu na ziwa. Karani mwenyewe, tuliambiwa, tangu akisome hajabishana na mtu tena, hata na mkewe. Mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaamini.

Msinicheke kabla hamjajua nilivyokuwa nimechoka.

Kazi yangu ni kuchora kuta za maduka. Nimechora kuku ambao wateja waliomba wapunguziwe bei yao. Mwaka juzi ndugu wawili wenye duka la kinyozi mjini Migori waliniita niwachoree mashujaa wakipigana ukutani, pale mbele. Waliwajua kutoka vitabu vya mitumba visivyo na majalada, ambavyo wateja walisoma wakingoja zamu. Majina yao ya Kizungu hakuna aliyeyakumbuka. Tulimwita mmoja Mikono Minne, kwa sababu alikuwa nayo, na mwingine Mabawa ya Bati, kwa sababu mabawa yake yalifanana kabisa na paa la posho mill tunakosagia unga. Kaka mkubwa alimshabikia Mikono Minne. Mdogo wake, Mabawa ya Bati. Nilichohitaji kujua ni nani nimchore juu na nani chini.

Kaka mkubwa alikuwa na haraka. Ukuta ukikauka tu, alisema, yeye na mdogo wake wangeandikisha mkataba wa kupanga chumba kile kwa majina yao mawili, miaka mitano mbele, na duka lingeitwa kwa jina la mshindi. Alisema hivyo kila asubuhi akipuliza nywele kwenye mashine. Mdogo wake alikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akaanzisha ubishi upya.

Na ubishi ule uliuteka mji mzima. Watu wa boda boda waliacha abiria juani. Mmoja alidai Mikono Minne angekamata kila bawa kwa mikono miwili na kulikunja kama chapati. Mwenzake akamwuliza angelikamata amesimama wapi, na mtu yuko hewani. Mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Wakuria, aliyekuja kunyolewa ndevu, alitaka kwanza kujua wanapigania nini, ng'ombe au mpaka, maana bila hilo huwezi kujua nani atachoka mapema. Niliona ana akili, lakini hakuna aliyemjibu. Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mkabala na duka, alisema bati haliwezi mvua ya Migori, litashika kutu, na mwenye mikono minne bila shaka anakula mara mbili, kwa hiyo wote wawili wasisogelee meza yake.

"Mtu mwenye mikono minne," kaka mkubwa alisema, "anakunyoa, anakuosha, anakupaka poda na kukuondolea nzi, yote kwa wakati mmoja. Huyo utamshindaje?"

"Kwa kuondoka," mdogo wake akajibu. "Yeye hawezi."

"Omera, ndugu yangu, huko ni kukimbia."

Tulicheka sana. Mdogo hakucheka, lakini nani alikuwa akimwangalia?

Asubuhi namweka Mikono Minne juu. Saa nane mdogo analeta hoja mpya, wateja wanageuka, nami nachukua chokaa nafuta. Niliufuta ukuta ule mara elfu moja. Haya, tisa. Rangi ilinenepa mpaka Mikono Minne akaota kitambi. Bega langu la kulia lilianza kulia kama bawaba ya mlango, na kuna siku nilifika juu ya ngazi nikasahau nilipanda kufanya nini, nikakaa huko huko nikapumzika.

Ndipo mdogo akaja na habari za kitabu. Alisema alizipata kwa mteja. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma Kiingereza cha ngumbaru hadi cheti, akapendekeza niende mwenyewe nikasome ule ukurasa wa mwisho. Kaka mkubwa alikubali kwa sababu naye alikuwa amechoka. Mimi ningekubali hata kwenda mwezini, mradi nisipande ngazi siku hiyo.

Homa Bay ina mageti mekundu mengi kuliko samaki. Niliuliza askari wa ofisi za serikali, nikauliza kina mama waliokuwa wakigeuza samaki juani, nikauliza hadi foleni ya hospitali, ambako walinihurumia wakanipisha nikae. Mwishowe nikampata karani mstaafu wa kweli, mwenye geti jekundu la kweli. Alifungua sanduku lake la bati bila kinyongo. Ndani mlikuwa na blanketi na suti ya harusi. Kisha akabishana nami saa nzima kuhusu njia fupi ya kwenda stendi. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilihitimisha tu kwamba huyu si yule.

Nikarudi Migori kesho yake mchana, miguu imevimba. Kaka mkubwa alikuwa ameketi kwenye ngazi yangu, kidato cha chini kabisa, mikono magotini. Hakuniuliza nani alishinda.

"Leo unaweza kumaliza, fundi," alisema. "Mchore Mikono Minne peke yake."

Nikamwuliza mpinzani wake naye nimweke wapi. Akanionyesha mlango kwa kidevu.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea. Pale pa kile kingine palibaki alama nne za miguu yake sakafuni. Mdogo alikuwa akizungusha waya kwenye mashine yake, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Nikaanza kumweleza juu ya mageti, sanduku na suti, na kwamba labda kuna karani mwingine upande wa pili wa mji, nikipumzika bega siku mbili nitarudi.

"Usirudi, fundi," alisema. "Nimepata chumba changu cha kunyolea Isebania, na jana nilimwambia kaka. Hakuna karani. Hakuna kitabu. Nilikitunga mimi, ili ukuta usikauke."