Nani Aliona kwa Macho Yake?

Siku ile bado naiona, mwanangu Salma. Soko huria lilikuwa limeshafika huku kwetu Newala, kila mtu anahangaika kivyake, na babu yako Bakari alikuwa Tunduru akichimba vito. Nilikuwa na hamu naye hata shati aliloliacha sikulifua.

Jirani yangu Hawa akaingia uani analia: Bakari kafukiwa shimoni. Mara Fatu, mara Binti Ausi, wote na neno hilohilo. Mkeka ukatandikwa, wakataka kunivua hereni niingie eda.

Mama mkubwa Somoe, aliyetufunda sisi wasichana, akawazuia. Akamuuliza kila mmoja kaambiwa na nani. Wote walimtaja Issa, kondakta wa basi la Masasi. Akaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliona kwa macho yako?"

Issa akainama. Alisikia tu stendi kwamba kafukiwa mtu wa Newala, na mtu wa Newala ambaye yeye alimjua kule Tunduru ni Bakari peke yake.

"Basi hawa hawakuniletea habari tatu," mama mkubwa akasema. "Ni mdomo wako mmoja, umezunguka mji mzima."

Shemeji Hamisi akaenda kuuliza kulekule Tunduru. Kungoja kule, mwanangu, acha tu. Akarudi na Bakari, amekonda, nywele nyekundu kwa vumbi. Aliyefukiwa alikuwa Saidi wa Tandahimba, enzi hizo bado Newala hiyohiyo, naye alikuwa na mke. Nilimlilia mwanamke yule.

Tangu hapo mama mkubwa akawa anawapima wasichana kwa habari. Anawaletea neno, kisha anauliza: utakwenda kumuuliza nani? Mmoja wao, Esha, mcheshi, alijibu palepale kwamba ni uongo, na kweli ulikuwa uongo. Akaambiwa amebahatisha, akae chini afikiri upya.

Sasa umeniuliza utawapimaje wanafunzi wako wa shule ya Mkunya kwa hizi habari za kwenye simu. Usiwape alama kwa kusema kweli au uongo tu. Wakuonyeshe njia waliyopita: nani kaandika, aliona au alisikia, na hao wanaoirudia wameitoa wapi. Picha inaweza kuletwa na watu wengi, kumbe aliyeanza ni Issa mmoja.

Babu yako sasa kalala kweli. Nilimwona kwa macho yangu akifunikwa sanda. Lakini basi la Masasi likipiga honi jioni, bado nageuka kutazama njiani.

Mungu akupe wanafunzi wanaouliza, mwanangu, na kila unayemngoja akurudie mzima.